KUKU WANAPOPUNGUA UANI

Kuku ni mali ya mtu mwenye uwanja mdogo. Asiye na ng'ombe wala shamba la ekari nyingi aweza kufuga kuku kumi nyuma ya nyumba yake, nao wakampa mayai, kitoweo cha mgeni, na fedha kidogo siku ya haja. Pande za Mbagala, Yombo, Chamazi, Bunju na Mabwepande, nyumba nyingi hununua daftari za watoto kwa fedha ya kuku. Kwa hiyo kuku wakipungua, si banda tu lililopungukiwa. Nyumba nzima imepungukiwa.

Mama mmoja wa Yombo alikuwa na kuku majike 14 na jogoo mmoja. Mwezi wa Septemba waliingiwa na maradhi, na katika juma moja wakabaki majike 3 na yule jogoo. Mama yule hakupenda kuona banda tupu. Siku ya pili akatoa akiba yake, akaenda sokoni, akanunua kuku 6, akawatia ndani pamoja na wale waliobaki. Hazikupita siku tisa, wageni watano wakafa. Ndipo aliponijia akasema, "Bwana Shamba, akiba yangu imekwisha. Niambie, nikope ninunue wengine, au niache kufuga kabisa?"

Nilimjibu, "Mama, usinunue, wala usiache. Maswali hayo mawili yana swali la tatu lililoyatangulia: ni kitu gani kilichowapunguza?" Habari hizi naziandika kwa ajili ya kila mfugaji aliye katika hali kama yake, apate kulijibu swali hilo kwanza, kabla hajafungua kibindo chake.

HESABU YA JIONI

Watu wengi hujua kwamba wana kuku, lakini hawajui wana kuku wangapi. Mtu akiulizwa hujibu, "Walikuwa wengi, sasa wamekwisha." Jibu hilo halimsaidii yeye wala anayetaka kumshauri. Yafaa kila jioni kuku wanapoingia ndani wahesabiwe, na hesabu iandikwe katika daftari hata kama ni ya kurasa chache: majike wangapi, majogoo wangapi, vifaranga wangapi, mayai mangapi, nani amekufa, nani ameuzwa, nani amechinjwa. Kazi hiyo haichukui dakika tano, na mtoto aliye shuleni aweza kupewa iwe kazi yake.

Faida yake huonekana upesi. Mara nyingi mfugaji akisoma daftari lake huona kwamba mwizi ni yeye mwenyewe. Amechinja wawili kwa ajili ya wageni, ameuza watatu ili kulipa deni, amempa shemeji mmoja, na hakuna kuku aliyeatamia muda wote huo. Huyu hana haja ya dawa. Haja yake ni kuacha kuuza majike kwa muda, na kuwauza mapora badala yao.

ISHARA ZA KILA ADUI

Ikiwa daftari laonyesha kwamba kuku wamepotea au kufa bila mkono wa mwenyewe, basi tazama namna walivyopungua. Kila adui ana desturi yake.

1. Kuku wakubwa wakipotea usiku, wala pasionekane manyoya wala damu, mshuku mwizi wa miguu miwili. Dawa yake ni kufuli, mlango imara, na banda lililo karibu na dirisha la chumba cha kulala.

2. Ukikuta manyoya yametapakaa, au kuku ameuawa akaachwa ndani ya banda, ameingia mnyama, kama kicheche, nguchiro, paka au mbwa. Tafuta tundu alilopitia, maana wanyama wadogo hupenya penye nafasi finyu mno. Ziba kwa wavu wa matundu madogo, na upande wa chini uuzike ardhini, ili asichimbe.

3. Vifaranga wakipotea mchana mmoja mmoja, inua macho juu. Huyo ni mwewe au kunguru. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu si wenyeji wa pwani yetu; waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wale takataka, wakaongezeka, wakaenea hata Dar es Salaam. Palipo na jalala la wazi hapakosi kunguru, na penye kunguru kifaranga wa juma moja hana usalama nje ya tenga.

4. Mayai yakipotea, tazama kenge, nyoka na panya. Lakini usimsahau kuku mwenyewe: aliyekosa chokaa katika chakula chake hujifunza kuvunja mayai na kuyala. Mpe maganda ya chaza au ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa.

5. Kuku wakiacha kulala bandani, au anayeatamia akiyakimbia mayai yake, ingiza mkono katika kiota chake kisha uutazame. Ukiona vijidudu vidogo vikitembea, ni utitiri au chawa. Toa matandiko yote uyachome moto, paka chokaa kuta na fito za kulalia, na uwawekee kuku shimo lenye mchanga uliochanganywa na majivu, wapate kujigaragaza.

6. Kuku wakikonda na kufa mmoja mmoja kwa majuma mengi, huenda ni minyoo, au homa ya matumbo ya kuku, au njaa. Hapo yafaa umwite afisa mifugo wa kata, kwa kuwa macho matupu hayatoshi kutofautisha.

7. Kuku wengi wakifa katika siku chache, wakubwa kwa wadogo, shuku mdondo kabla ya kitu kingine chochote.

MDONDO

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ndio unaomaliza mabanda mengi kuliko maradhi mengine yote ya kuku wa kienyeji. Ulitambuliwa mwaka 1926 huko Java na katika mji wa Newcastle wa Uingereza, nao kwa lugha za kigeni huitwa kwa jina la mji huo. Kuku aliyeshikwa husinzia, hushusha mabawa, hukohoa na kuhema kwa taabu, huhara kinyesi cha kijani, na wengine hupinda shingo au kuzunguka kama walevi. Kwetu mara nyingi huja wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za vuli.

Ugonjwa huu hauna dawa. Watu hutia shubiri au pilipili katika maji ya kuku, na wengine hununua vidonge dukani. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachoua kirusi cha mdondo. Mtu hutumia fedha, kuku hufa, naye hubaki hana fedha wala kuku. Kinga ipo, lakini lazima itangulie.

Mdondo ukiingia, mambo manne yakupasa. Kwanza, wafungie wote waliobaki, wasitoke kwenda kwa jirani. Pili, usiuze hata mmoja. Najua neno hili ni gumu. Mtu aonapo kuku watano wamekufa na watano wamesimama, moyo humwambia awakimbize hao sokoni wakiwa bado wazima, apate angalau nusu ya thamani yao. Lakini kuku yule aonekanaye mzima aweza kuwa amekwisha kuambukizwa; atakufa katika banda la mnunuzi, na kuwaua wenziwe. Yaelekea hata wale uliowazika wewe waliletewa ugonjwa na kuku mmoja aliyeuzwa namna hiyo hiyo. Tatu, wafukie mizoga katika shimo refu au uichome moto. Usiitupe mtaroni wala jalalani, ambako mbwa na kunguru wataitawanya. Nne, nawa mikono kwa sabuni na osha viatu vyako kabla ya kuingia uani kwa mtu mwingine, wala usiguse macho, maana ugonjwa huu waweza kuyawasha macho ya binadamu.

Ikiwa wataka kujua kwa hakika, msaada hauko mbali. Temeke ipo maabara ya Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, ambayo kazi yake ni kupima maradhi ya mifugo. Mwulize afisa mifugo wa kata namna ya kupeleka kuku aliyekufa hivi punde, akiwa amefungwa vizuri katika mfuko na kuwekwa mahali pa baridi. Mzoga uliooza hauna habari ya kutoa.

MASHAURI MATATU

Ukiisha kujua sababu na kuiondoa, ndipo shauri lenyewe linapokuja. Njia ni tatu.

Njia ya kwanza ni kubaki na wachache. Watu hawapendi kuifikiria, lakini mara nyingine ndiyo ya busara. Zamani uwanja wa nyumba za pembeni ya mji uliungana na minazi na mikorosho, na kuku walichakura mchwa, mbegu na majani siku nzima. Leo penye mkorosho pamejengwa nyumba, na penye majani pamemwagwa zege. Kuku 14 waliokula bila gharama katika uwanja ule hawawezi kuishi katika uwanja huu. Huenda wakabaki 5 kwa sababu ardhi yenyewe yalisha 5 tu, nao wengine walidhoofika wakawa windo jepesi la maradhi. Mwenye hali hiyo akitaka wengi, lazima akubali kununua pumba, mashudu na dagaa. Kuku mkubwa anayetaga na asiyetoka nje hutaka chakula cha gramu 110 hata 120 kila siku. Piga hesabu hiyo kwanza. Kuku 4 wanaoshiba hutaga kuliko 10 wenye njaa. Ila mmoja peke yake usimwache, maana kuku hawapendi upweke. Ama mtafutie mwenzi, ama mpe ndugu, baada ya kuhakikisha kwamba hana maradhi.

Njia ya pili ni kuongeza kwa wale waliobaki. Hii ndiyo nafuu kwa mtu asiye na fedha. Kwanza watazame waliobaki kama wangali wakitaga. Kuku anayetaga huwa na kilemba chekundu na chororo, na mifupa miwili iliyo karibu na tundu la kutagia huachana, hata vidole viwili au vitatu vikaingia kati yake. Yule mwenye kilemba kilichosinyaa siku zote na mifupa iliyobana, tena mwenye umri wa miaka mitatu na zaidi, kitoweo ndicho cheo chake.

Jogoo akifa, usikate tamaa siku ile ile. Kuku aliyepandwa hubeba mbegu ya jogoo tumboni, na mayai anayotaga katika juma la kwanza baada ya jogoo kuondoka kwa kawaida bado hufaa kuatamiwa. Yakusanye, yaandike tarehe kwa penseli, yaweke mahali penye kivuli, ncha nyembamba ikielekea chini, wala yasikae zaidi ya siku kumi. Katika siku ya saba ya kuatamia yamulike kwa tochi gizani. Lenye mishipa kama mizizi lina uhai, na lile lililo tupu liondoe. Ukitafuta jogoo mwingine, mtoe katika ukoo mwingine, ili asizae na dada zake. Mmoja hutosha majike kumi.

Sasa tazama hesabu yake. Tuseme majike 3 wameatamia mayai 10 kila mmoja, na katika 30 wakaanguliwa vifaranga 24. Wakiachwa wazurure na mama zao tangu siku ya kwanza, si ajabu zaidi ya nusu kupotea kabla ya miezi miwili. Tuseme wamebaki 10, na nusu yao ni mapora. Mitetea ni 5 tu. Lakini wakilindwa wakabaki 18, mitetea ni 9, na pamoja na mama zao 3 jumla ni majike 12. Tofauti hiyo yote hutokana na tenga. Katika majuma manne ya kwanza mfunike mama na wanawe katika tenga lililo kivulini, uwape maji safi katika chombo cha kina kifupi, na chakula chenye dagaa waliosagwa. Mitetea huanza kutaga wafikapo miezi sita au saba. Basi anayeanza leo na kuku 3 aweza kurudi karibu na hesabu yake ya kwanza kabla mwaka haujatimia, na kununua jike hata mmoja hakununua.

Njia ya tatu ni kununua. Huifaa nyumba isiyobakiwa na kitu, au yenye fedha na nafasi. Yako makabila mengi ya kuchagua. Kuku wetu wa kienyeji, kama kuchi na kishingo, hawatagi sana, lakini huatamia na kulea wenyewe. Kuroiler, ambao asili yao ni Bara Hindi, na Sasso, ambao asili yao ni Ufaransa, hukua upesi na hutaga zaidi, lakini hutaka chakula kingi, na kwa kawaida hawaatamii. Mwenye kununua hao na ajue kwamba banda likipungua tena, itambidi anunue tena. Vyovyote iwavyo, nunua kwa mfugaji unayemjua, ambaye waweza kuliona banda lake na kumwuliza tarehe ya chanjo. Sokoni kuku wa nyumba ishirini hukutana katika tenga moja, na maradhi yao hukutana pia.

KUKU MGENI

Wazee wetu walisema, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Walitaka asipotee, sisi twataka pia asiambukize. Kuku yeyote aliyenunuliwa, aliyepewa, au aliyerudi kutoka sokoni bila kuuzwa, na akae peke yake katika kizimba kwa siku 21, mbali na wengine, na chombo chake cha maji na cha chakula. Walishe wenyeji kwanza, kisha yeye, ili miguu na mikono yako isipeleke ugonjwa. Siku 21 ni sawasawa na siku za yai kuanguliwa, kwa hiyo si vigumu kuzikumbuka. Vivyo hivyo, banda lililopigwa na mdondo lisipokee mgeni mpaka zipite siku 21 tangu kifo cha mwisho, baada ya kufagiliwa, kuoshwa kwa sabuni na kupakwa chokaa; na wale walionusurika wasichangamane na wageni upesi, maana waweza kutoa ugonjwa kwa muda hata wakiwa wazima.

Siku zikitimia, mwingize mgeni usiku, wenyeji wakiwa wamelala, na asiwe peke yake ikiwezekana. Kuku wana ukubwa na udogo wao, nao humdonoa sana mgeni wa mchana. Weka vyombo viwili vya chakula, ili mnyonge apate pa kukimbilia. Tena wasisongamane: katika kila mita moja ya mraba ya banda wasilale zaidi ya 5.

CHANJO YA UJIRANI

Chanjo ya mdondo iitwayo I-2 asili yake ni Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia, na kwetu imetengenezwa Temeke. Hutolewa tone moja katika jicho moja la kuku, mkubwa kwa mdogo. Hustahimili joto kuliko chanjo nyingine, hata hivyo isiachwe juani. Kinga yake huhitaji kama majuma mawili kukamilika. Ndiyo sababu kuku mgeni achanjwe mara aingiapo kizimbani, ili atokapo awe amekwisha kupata nguvu. Hurudiwa kila miezi minne, mathalani Machi, Julai na Novemba. Wachanjwe walio wazima. Haimponyi aliyekwisha kuugua.

Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko walio katika nyumba moja, na ikiisha kufunguliwa haifai kuwekwa mpaka miezi mingine. Kwa hiyo nyumba kumi na zikubaliane siku moja, zichange fedha, na mmoja aende kuinunua. Kufanya hivyo ni nafuu, tena ni kinga kubwa zaidi, maana mdondo haujui mpaka wa uwanja wangu na wako.

Yule mama wa Yombo hakukopa. Kuku wake 3 na yule mgeni mmoja aliyesalia walifungiwa, banda likapakwa chokaa, na siku 21 zikahesabiwa kwa kamba yenye mafundo ukutani. Baadaye alichanja pamoja na jirani zake saba. Kuku mmoja akaatamia mayai 11, akaangua 9, na kwa msaada wa tenga wakakua 7. Nilipomtembelea mara ya mwisho alikuwa na kuku wakubwa na wadogo 11, na daftari limetundikwa kwa uzi mlangoni mwa banda. Aliniambia kwamba bado hajarudisha akiba yake yote. Lakini alipoulizwa kuku wake ni wangapi, hakujibu "wengi". Alijibu kwa hesabu.